Chumvi Isiyoandikwa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Staji, mazoezi ya kazi ya shule yetu, imeanza. Nimewekwa katika Nyumba ya Okito, wauzaji wa jumla: chumvi, sukari, sabuni, masufuria, misumari. Bluzi nimeipiga pasi mara mbili. Odile wa darasa letu naye amewekwa hapo hapo. Bluzi yake haihitaji pasi. Nimeanza staji nikiwa nyuma kwa bluzi moja.

Hali ya nyumba hii niliielewa kabla ya saa nne. Wana programu tatu. Moja iko dukani, hapa Kasuku mjini Kindu, inajua kilichouzwa. Ya pili iko depo, ghala lao la ng'ambo ya mto huko Alunguli, inajua kilichobaki. Ya tatu iko stesheni, inajua treni imeleta nini. Hakuna inayozungumza na mwenzake. Ni kama ndugu watatu walionuniana. Anayewapatanisha ni Mzee Djuma, mtunza depo, ambaye huvuka Lualaba kwa mtumbwi mara mbili kwa siku, karatasi ikiwa ndani ya kofia yake. Ndani ya kofia. Mwaka 2024.

Patroni, mtoto wa marehemu Okito mkubwa, amechoka na kofia. Amemwita Injinia Didier kutoka Kisangani alete programu ya nne, jina lake Daraja. Injinia alitueleza ubaoni, nami nikaandika yote. Daraja haifuti programu yoyote. Inakaa katikati. Inachukua habari kwa huyu, inaigeuza iwe lugha ya yule, inaifikisha kwa sekunde mbili. Duka likiuza, depo inajua. Depo ikizidiwa na mzigo, duka linaambiwa lishushe bei. Hakuna mtu anayelowa.

Patroni alitangaza kwamba mmoja wetu atapata kazi hapa baada ya mtihani wa taifa. Mmoja. Odile alinitazama. Mimi nilitazama ubao. Nimeazimia kuwa huyo mmoja. Mama anauza mboga sokoni tangu nizaliwe na magoti yanamsumbua.

Jumanne, 5 Machi

Odile amepewa stesheni. Mimi depo. Stesheni kuna feni. Depo kuna panya.

Nimevuka na Mzee Djuma. Aliponisaidia kupanda mtumbwi alinikabidhi kofia, akasema: "Uichunge muzuri, mama. Hiyo njo serveri." Wapiga kasia walicheka hadi mtumbwi ukayumba. Sikucheka. Kofia si serveri.

Nilikaa naye siku nzima nikiandika jinsi anavyofanya kazi, kama tulivyofundishwa. Inasikitisha. Duka liliomba magunia thelathini ya sukari, akatuma ishirini. Nikamwuliza kwa nini. Alisema kijana wa duka anaombaka mingi mwanzo wa mwezi, halafu anarudisha yenye sisimizi. Stesheni iliandika magunia mia, yeye akaandika tisini na saba. Nikamwonyesha kwa adabu kwamba karatasi inasema mia. Akajibu: "Karatasi inasema mia. Mvua inasema tisini na saba. Mimi niko naamini mvua."

Anachapa kwenye kompyuta kwa vidole viwili na kila herufi anaitafuta kama mbuzi aliyepotea. Nimeorodhesha makosa manne ya kibinadamu kabla ya saa sita. Mchana alinigawia nusu ya muhogo wake. Hilo sikuliandika kwenye ripoti.

Jumatano, 6 Machi

Habari mbaya. Odile amemaliza stesheni yote kwa siku moja na jana jioni Injinia alimsifu mbele ya watu. Alisema ana akili iliyopangika. Nimejiuliza usiku kucha kama yangu imepangika.

Nilihitaji jambo kubwa. Mzee alipokwenda kusali adhuhuri, nikafunga mlango na kuanza kuhesabu chumvi. Kompyuta yake inasema magunia mia na sitini. Nikahesabu mia na sitini. Nikavunjika moyo. Kisha nikaona turubai kule mwisho, nyuma ya mabati na fremu za baiskeli za zamani. Nikapenya. Magunia arobaini ya chumvi! Makavu, yamepangwa juu ya mbao, kila gunia limeandikwa mwezi kwa mkaa. Ya zamani zaidi ni ya Novemba iliyopita. Hakuna hata moja lililoandikwa kwenye kompyuta.

Nilifikiria kumwuliza Mzee. Halafu nikafikiria kwamba nikimwuliza, ugunduzi utakuwa wa watu wawili. Kazi ni ya mmoja. Nikaandika mia mbili.

Aliporudi aliniuliza nilikuwa nikifanya nini. Nikasema ninafagia. Alitazama sakafu. Sikuwa nimefagia.

Alhamisi, 7 Machi

Daraja imewashwa leo saa tatu. Patroni alituita sote dukani, na wabeba mizigo wote kumi na wawili, na soda. Mzee Djuma naye alivuka, amevaa kanzu safi. Injinia alibonyeza. Kwenye skrini ya duka ikatokea depo, ikatokea stesheni, kila kitu mahali pake. Watu walipiga makofi.

Patroni akasoma: chumvi, mia mbili. Akasema karatasi ya jana ilikuwa mia na sitini. Akauliza arobaini yamezaliwa lini.

Nikasimama. Nikaeleza kwa sauti ya kusikika, kuanzia turubai hadi mkaa, bila kuruka hatua. Nilidhani makofi yatarudi.

Mzee Djuma alivua kofia. Alisema hiyo chumvi si ya duka. Ni ya Okito mkubwa, aliiweka wakati wa vita na kumwapisha kwamba isiandikwe popote na isitajwe kwa mtu, hata kwa wanawe. Kila treni ikileta chumvi mpya, yeye huitoa ya zamani na kuweka mpya, ili isiharibike. Hajawahi kuchukua hata ukucha mmoja.

Patroni akajibu: "Baba iko kwenye kaburi. Nitamuuliza namna gani? Nimutumie Daraja?"

Wabeba mizigo walicheka, maana ni Patroni aliyesema. Mzee hakucheka, na hapo ndipo Patroni alipokasirika. Akatamka neno mwizi, mbele ya wote. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Mzee aliziweka mezani moja moja. Alipopita karibu yangu alisema kwa sauti ya chini: "Ulihesabu muzuri, mama." Hakuisema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu angeisema kwa ubaya.

Patroni amesema jina langu liko mbele ya la Odile. Soda yangu niliiacha imejaa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Hakuna staji kwetu. Mji mzima umevaa vitenge vipya. Mama aliandamana na wanawake wa soko, magoti na yote, akarudi amechoka na mwenye furaha. Nikampikia. Alipoonja supu alisema chumvi imetosha, kisha akaanza kusimulia. Mama hasimulii vita mara nyingi.

Alisema mji ulipofungwa hakuna aliyethubutu kwenda shambani, na treni ilikoma. Chumvi iliuzwa kwa kijiko cha chai. Wengine walichoma majani ya mtoni wakachuja majivu yake. Alikuwa na mimba ya kaka yangu Djo, miguu imevimba, hawezi kumeza chochote kisicho na ladha. Ndipo jirani akamwambia avuke alfajiri, aende mlango wa nyuma wa depo ya Okito. Wajawazito tu. Kikombe kimoja kwa kila mtu. Hakuna jina lililoandikwa, hakuna hesabu iliyowekwa. Kila kilichoandikwa siku zile, wenye bunduki walikuja kukisoma na kukibeba.

Nikauliza aliyeshika kikombe alikuwa nani. Mama alisema ni mwanamume mmoja mwenye kofia, mcheshi sana. Alimwambia kila mjamzito kwamba amezidishiwa kidogo kwa ajili ya mtoto, na wote waliamini.

Nilitaka kumwambia mama. Nikamwuliza kama nimwongezee ndizi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda dukani mapema kumweleza Patroni habari ya mama. Alinisikiliza. Akasema vita ilikwisha, mademoiselle, na wanawake wa soko wana hadithi kwa kila kitu. Akarudi kwenye simu yake.

Basi nimeamua kutengeneza mwenyewe. Mpango ni huu. Daraja inafuata amri. Nikiipa amri ya kupunguza arobaini kila inapohesabu, akiba itarudi kujificha, safari hii kwa njia ya kisasa. Baadaye Patroni atatulia, nitamweleza, na Mzee ataitwa arudi. Neno la siri Injinia ameliandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Yeye mwenyewe amepanda pikipiki kurudi Kisangani. Nikaandika amri. Ikakubali mara moja. Nikatoka nikiwa mwepesi.

Nikavuka hadi depo, nikakuta baiskeli nyingi zinapakiwa chumvi. Mfanyabiashara wa Lubutu. Daraja iliona juzi mzigo umezidi, ikaliambia duka, duka likashusha bei lenyewe usiku, na jana huyu bwana akanunua yote kwa simu. Na yale arobaini ndani yake. Hakuna mtu aliyeamua. Kijana wa duka alikuwa kwenye gwaride.

Kwa hiyo nimeficha magunia arobaini yasiyokuwepo.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya aibu. Niandike haraka.

Nilisahau kuiambia Daraja kwamba ni chumvi tu. Imepunguza arobaini katika kila kitu. Masufuria yalikuwa kumi na mawili, sasa ni pungufu ya sifuri kwa ishirini na manane. Programu ya duka haiuzi kitu kilicho chini ya sifuri. Wateja walisimama wakitazama masufuria, masufuria nayo yakiwatazama. Mke wa Patroni alikuja kuchukua sabuni, akaambiwa sabuni hakuna, wakati ameegemea katoni za sabuni. Aliuliza kama anachezewa. Kijana wa duka alimwonyesha skrini. Mke wa Patroni akampiga kijana kwa mwavuli.

Stesheni nayo iliambiwa misumari imekwisha, ikaagiza misumari. Kila nusu saa iliagiza tena.

Odile ndiye aliyegundua. Alifungua orodha ya amri, akakuta jina langu pembeni, saa na dakika. Alifuta, akaweka sawa, akakunja karatasi ya neno la siri na kuitia mfukoni. Hakumwambia Patroni. Aliniambia mimi tu, kwamba ananihurumia, na kwamba mtu mwenye moyo mzuri asipewe kibodi. Ningependelea mwavuli.

Jioni ikaja habari kutoka stesheni. Mvua imebomoa tuta la reli mbele ya Kibombo. Treni hakuna. Hawajui ni lini.

Jumatano, 13 Machi

Chumvi imekwisha Kindu, au iliyobaki imefichwa na wenye busara. Kwetu Daraja imefanya kazi bila kosa. Sifuri ilifika sehemu zote tatu kwa sekunde mbili. Injinia alisema kweli.

Asubuhi alikuja mwoka mikate. Kisha muuguzi wa uzazi, na barua yenye mhuri. Patroni aliwaonyesha skrini. Muuguzi alisema wagonjwa wake hawali skrini.

Saa tano akaingia bibi mmoja na fimbo, wabeba mizigo wakafungua njia. Ni mjane wa Okito mkubwa, mama yake Patroni. Alikuwa ameagiza chumvi nyumbani, akaambiwa hakuna, akaja kuona mwenyewe. Aliuliza Djuma yuko wapi. Mbeba mizigo mmoja akamweleza, akitazama miguu yake mwenyewe.

Bibi hakukaa. Alisema usiku Djuma alipoapishwa, yeye ndiye aliyeshika taa. Alisema mumewe hakuwaambia wanawe kwa sababu aliwajua wanawe. Kisha akamwuliza Patroni: "Mutu aliyelinda chakula ya baba yako miaka ishirini na mbili, ulimuita mwizi. Na mimi niliyeshika taa, utaniita nani?"

Patroni alikaa juu ya katoni ya sabuni. Baadaye aliniita. Alinipa funguo zilezile nikamrudishie Mzee, na ahadi ya mshahara mkubwa zaidi, na samahani, ambayo aliitamka haraka kama dawa chungu. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu ni wewe uliyehesabu.

Ijumaa, 15 Machi

Jana mto ulikuwa na upepo, leo nimevuka. Nilifika Alunguli baada ya alasiri. Mzee anafunga, ni mwezi wa Ramadhani, nikamkuta kivulini anashona mfuko wa mpunga. Ua moja, nyumba mbili zinazotazamana. Moja ya Mama Bakari, mke mkubwa. Nyingine ya Mama Zaina, mke mdogo. Walinipokea vizuri wote wawili, kila mmoja na kiti chake, nikakaa nusu huku nusu huku.

Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba msamaha, aya tatu. Nilisoma moja tu. Mzee alisubiri nimalize kupangusa uso, akasema alinisamehe siku ileile, ndani ya mtumbwi, katikati ya mto. Alisema kuvuka na kitu kizito ni kujitafutia maji.

Nikatoa funguo. Hakuzigusa. Aliuliza wabeba mizigo walikuwa wangapi siku ile. Nikasema kumi na wawili. Akasema: "Kumi na mbili iko na bibi kumi na mbili. Kila bibi iko na majirani. Patroni anaweza kunirudishia kazi, mama. Ile neno, atamutuma nani akairudishe nyumba kwa nyumba?"

Nikasema Patroni anaomba samahani. Akasema nimshukuru sana, na nimsalimie mama yake Patroni. Baada ya Idi atahamia Kibombo kwa mdogo wake kulima mpunga. Ana miaka sitini na mmoja. Tangu kijana hajashika jembe. Alicheka akaonyesha viganja vyake, laini kama vya mwalimu.

Jua lilipozama walinialika futari. Uji haukuwa na chumvi. Nilikunywa bakuli zima, na kila funda nililijua ni kosa la nani.

Jumapili, 17 Machi

Nafasi amepewa Odile. Ni haki. Nimempongeza kwa mkono. Patroni amenunua kitabu kikubwa chenye kufuli, ataandika humo akiba mpya ya chumvi itakayofichwa, na kitabu amekionyesha kwa kila mtu. Mama nimemweleza yote. Hakunipiga. Aliacha mchicha ukaungua, na mama haunguzi mchicha.

Nimesali sana juu ya jambo hili. Nimefundishwa kwamba majuto bila tendo ni kilio tu. Na nadhani nimepata tendo.

Ijumaa ile kwenye futari nilikaa kimya kwa heshima, lakini macho yangu yamefundishwa kazi. Mama Bakari alisema mafuta yamekwisha. Mama Zaina alisema maharagwe yamekwisha. Mzee aliinuka akaingia nyumba hii, akatoka na kitu chini ya kanzu, akaingia nyumba ile, akatoka na kingine. Kila chungu kikapata kinachokosekana, na kila mke akamsifu Mzee, na hakuna aliyemwuliza kimetoka wapi. Miaka ishirini na mitano wanaishi hivyo. Mzee wa watu anatembea usiku kati ya nyumba mbili zenye chakula, kwa sababu kila nyumba haina habari za mwenzake.

Na sasa anahamia Kibombo. Huko atakwenda kwanza peke yake. Nani atatembea?

Kwa hiyo jana nilivuka tena, na kipande cha sabuni kama zawadi. Mama Bakari alikwenda kuteka maji, akaniacha nitunze moto. Sikupoteza muda. Maharagwe madebe mawili chini ya kitanda, sukari nyuma ya mlango, chumvi nusu kikombe ndani ya kikapu cha nguo. Kisha nikamsaidia Mama Zaina kupanga chumba chake. Mafuta lita sita, mchele, samaki wakavu wa Lokandu ndani ya sanduku la arusi. Yote nimeyaandika, safu mbili, kwa mwandiko mzuri. Wote wawili wana simu. Hakuna haja ya programu kubwa.

Kesho baada ya masomo nitamtumia kila mmoja orodha ya mwenzake. Mzee sijamwambia. Nataka akute kazi yake imekwisha kufanyika.